Supu Isiyofunguliwa

Ndani ya basi, fundi wa kompyuta wa hospitali alikuwa akifoka kwenye simu: "Nani kawasha zile za zamani?" Mama aliyekaa naye, aliyepakata chupa ya supu, akashtuka. "Mume wangu anasubiri kupasuliwa huko. Kuna nini?"

Fundi akaeleza. Jana maji yaliingia chumba cha mashine. Kila kompyuta ina pacha wake jengo la pili, anayenakili yote, basi wakawaamsha pacha. Leo mtu kawasha na zile za kwanza. "Sasa zote zinaandika wagonjwa, na kila moja inajiona ndiyo yenyewe."

Mimi nyuma yao nilishika kichwa. Nimezaa pacha, lakini wangu hawakunichanganya hivi.

Mama akatoa simu yake. "Ujumbe huu unasema upasuaji leo mchana. Huu, Alhamisi. Mzee yuko kwenye benchi, hajala tangu jana. Ale au asile?"

"Sijui, mama."

"Zima inayodanganya!"

"Hakuna inayodanganya, zote zimeandikiwa na watu. Nikizima moja, yote ya leo yaliyomo yanapotea."

Nikashindwa kujizuia, nikawategea kitendawili: "Mtu mmoja yumo nyumba mbili. Katika moja ana njaa, katika nyingine kashiba. Yuko ipi?"

"Bibi, chukua mji," fundi akasema kwa uchovu.

Basi likasimama kwenye geti la hospitali. Mama akashuka mbio, supu kifuani, kifuniko kimekazwa. Nikabaki na mji mzima, na jibu sina.