Maharage ya Dada Lusungu na Kidole cha Shangazi

Wapendwa wafiwa wenzangu, majirani zetu wa Buza, na ninyi mliotoka mbali kuja kutushika mkono, mimi ni Brightson, mdogo wake marehemu, na nimepewa kazi hii kwa sababu dada aliagiza kwamba historia yake isisomwe na mtu wa kulialia, kwa hiyo nitajitahidi.

Dada yetu Lusungu Benson Mwasomola alizaliwa tarehe 14 Machi 1986, Temeke, akiwa mtoto wa kwanza wa marehemu Benson Mwasomola, fundi seremala kutoka Rungwe, na mama yetu Clara, mzaliwa wa Muheza, aliyeketi pale kwenye mkeka. Kabla hajatimiza mwaka alianza kuvimba mikono na miguu, na mwaka 1989 madaktari wakatuambia ni selimundu, ugonjwa wa kurithi ambapo chembe za damu hupinda, zikaziba mishipa na kuleta maumivu makali ya mifupa. Baba alifariki mwaka 1998 akiwa hajawahi kupimwa, na baada ya matanga shangazi yetu Tusajigwe, dada yake baba, akatoa hukumu mbele ya ukoo: “Sie kwetu Rungwe hatunaga haya mambo, yametoka huko huko Muheza.” Tangu siku hiyo kila dada alipolazwa mama alimwomba radhi kama vile yeye ndiye aliyemuumiza, na hilo lilimuuma dada kuliko mifupa.

Alisoma shule ya msingi Tandika kuanzia mwaka 1994 hadi 2000, akamaliza kidato cha sita mwaka 2007 huku nusu ya masomo akiyasomea wodini, na mwaka huo huo akaingia chuo kikuu hapa hapa jijini kusomea baiolojia, kisha jenetiki ya binadamu na magonjwa ya kurithi, shahada ya uzamili aliyoipata mwaka 2013. Wengine wanaenda chuo kutafuta kazi, dada alikwenda kumtafutia mama yake haki, na alisema hivyo waziwazi hata mbele ya wahadhiri.

Likizo ya Desemba 2008 alitukusanya sebuleni, akaazima bakuli mbili kwa jirani yetu Bi Zuena, moja ya baba na moja ya mama, akaweka katika kila moja harage moja jekundu na moja jeupe, akaeleza kwamba mtoto huchukua moja huku na moja kule, na kwamba selimundu haiji mpaka yakutane meupe mawili. Akamuuliza shangazi, kwa adabu zote, jeupe la pili limetoka bakuli gani. Shangazi aliyatazama yale maharage, akayakusanya pamoja na yaliyobaki kwenye mfuko, akaenda nayo jikoni, na jioni ile tulikula somo la jenetiki lililoungwa kwa nazi, kwa kweli lilikuwa tamu sana.

Mwaka 2010 alianza kazi ya maabara Mikocheni, na huko akakutana na Theonest, mwalimu aliyekuja kuchangia damu. Mwaka 2014 mshenga alipokuja na barua ya posa, alikuja pia na majibu ya damu ya kijana, kwa maagizo ya dada, na shangazi, ambaye ndiye aliyepaswa kuipokea barua, akauliza kama tunaoza binti au tunamlaza. Hata hivyo aliipokea, kwa sababu alimpenda dada, na hilo nalisema bila shaka yoyote, ila kidole chake alikataa kukitoa kichomwe apimwe, mwaka hadi mwaka, akisema damu ya Mwasomola haichunguliwi na mtu. Ndoa ilifungwa tarehe 6 Septemba 2014, na Mungu akawajalia watoto wawili, Daniel na Felicitas, ambao kila mmoja amebeba harage moja jeupe na ni wazima, wale pale wanakimbizana nyuma ya turubai.

Tarehe 4 Agosti 2025 dada alibanwa na kifua, akalazwa, na Jumanne tarehe 12 akafariki akiwa na miaka 39, baada ya kutuagiza kwamba msibani kwake pasiwe na mashada ya maua, bali meza ya kupimia selimundu, na atakayetaka apime. Meza ile pale, karibu na sufuria za pilau.

Tunawashukuru madaktari na wauguzi waliomhudumia, wenzake wa maabara walioleta vipimo leo, Bi Zuena na majirani kwa mikeka, kuni na kulala nasi, na shule ya shemeji.

Nimalizie na habari ya asubuhi. Kabla hata viti havijapangwa, shangazi Tusajigwe alikwenda pale mezani peke yake, akatoa kidole, akasubiri majibu, na majibu yakasema analo jeupe. Alijifunga khanga yake vizuri, akaenda kwenye mkeka wa mama, akapiga magoti, akamshika mikono na kumwambia, “Wifi, nisamehe,” na mpaka sasa ninaposoma hajauachia mkono ule.

Pumzika kwa amani, dada, shangazi amepima.