Raba Zisizokanyaga Nyasi

Mimi kazi yangu kuchemsha kahawa, si kuhukumu. Lakini wanaohukumu wamekalia benchi langu, mbele ya geti la bustani lililofungwa mnyororo, kwa hiyo kesi yao naijua hadi inanitoka puani. Kesi yenyewe ni hii: kipande cha chini cha bustani, shule ya jirani inakitaka kiwe uwanja wa michezo, na watu wa mtaa wanataka kibaki bustani, wapumzike. Halmashauri ilipochoka kusikiliza ikasema wazee wa benchi wasuluhishe, na mpaka watakapokata shauri geti lifungwe, asiingie mtu. Huu ni mwezi wa kumi na tisa. Ubaya wake, benchi lina kanuni yake ya miaka nenda rudi: kahawa ikiisha, kikao kimeahirishwa. Na birika langu ni dogo.

Jana aliyefungua kikao ni Wakili. Tunamwita hivyo kwa sababu alibeba mafaili mahakamani mpaka akastaafu.

— Leo tumalize, akasema. Ila tusikurupuke. Haraka haraka haina baraka.

— Miezi kumi na tisa, Wakili, nikamkumbusha.

— Ndiyo maana nasema tusije tukaharibu mwishoni.

Fundi, anayeshona viatu hapo hapo ubavuni mwa benchi, akasema bila kuinua kichwa kwamba shule haina shida ya uwanja, ina shida ya ardhi. Leo goli, kesho msingi, keshokutwa ghorofa. Bwana Zamani, ambaye hana sentensi isiyoanzia huko, akasema zamani pale palikuwa na chemchemi na shule imeshanusa. Watoto watarukishwa kamba pale juu mpaka maji yapande. Wakili akaliona hilo dogo. Kwa hesabu zake, mistari ya chokaa ikishachorwa itaonekana toka angani, na kitu kikishaonekana toka angani si cha mtaa tena.

— Wapiganapo tembo nyasi huumia, akasema Zamani. Basi nyasi zing'olewe zote, tuone watapigania nini.

Hakuna aliyecheka. Miezi ya mwanzo tulikuwa tunacheka. Nikawamiminia mzunguko wa pili, nao wakapokea vikombe kama watu wanaopokea dawa.

Sitaficha, nimechoka kuliko wao. Mjukuu wangu nimemlea mimi tangu mama yake aende kutafuta kazi mbali. Anasoma shule hiyo hiyo, na mtoto ana mbio, mwalimu wake kaniambia kwa mdomo wake. Pa kukimbilia hana ila barabarani, na mwaka jana pikipiki ilimchubua goti lote. Nami ndiye nawachemshia kahawa wanaomfungia geti. Naona aibu, na kesho yake nawasha tena moto.

Tukiwa hapo akaja mjukuu mwenyewe, na sare zake za shule, mfuko mkononi. Akawaamkia mmoja mmoja, kisha akatoa raba akampa Fundi.

— Babu, hizi zinaweza kutanuliwa?

Fundi akazigeuza. Soli nyeupe pe, hata vumbi hazina. Nilimnunulia mimi, wiki ile ile halmashauri iliposema wazee wataamua. Nilimwambia asizichezee, hizo ni za uwanjani.

— Mbona hizi hujazivaa?

— Nilikuwa nazitunza.

Fundi akaupima mguu wake kwa kiganja, akaziangalia tena raba.

— Hazitanuki hizi, mjukuu wangu. Mguu umekua.

Nilidhani atalia. Hakulia. Alizichukua akazipanga juu ya benchi, katikati ya Wakili na Zamani, kamba zikiwa bado zimefungwa kama zilivyotoka dukani.

— Basi nitampa mdogo. Nimpe wa darasa la ngapi, babu, ili siku geti likifunguliwa ziwe bado zinamtosha?

Aliuliza kwa moyo mweupe, hakuwa na kejeli hata chembe. Bwana Zamani safari hii hakukumbuka chochote. Fundi akashika sindano, na mbele yake hakukuwa na kiatu cha kushona.

Mwishowe Wakili akanitazama mimi, kwa jicho la mtu anayeomba msaada.

— Kahawa je, imeisha?

Nikalinyanyua birika, nikalitikisa wote wasikie.

— Ipo nusu nzima.

Kwa hiyo kikao hakikuweza kuahirishwa. Mtoto alikuwa bado kasimama, anangoja ajibiwe.