Mama Sema Tena na Kurasa Zilizokunjwa

Ijumaa hii, tarehe 28 Novemba, mwenzetu anastaafu baada ya kufundisha katika shule hii kwa miaka thelathini na mmoja. Kamati ya kuaga imenipa mimi, mwalimu wa hisabati, kazi ya kuandika wasifu wake, na tangu hapo nimechanganyikiwa. Nimekaa naye meza moja katika chumba cha walimu kwa miaka kumi na tisa, na sijui hata niseme alifundisha somo gani. Faili lake linasema Kiswahili. Ratiba inasema Stadi za Maisha. Wanafunzi wenyewe husema tu "kipindi cha Mama".

Jina lake kamili la utani ni Mama Sema Tena. Mwanafunzi akimtolea mwenzake neno chafu, Mama hana fimbo wala hotuba. Huwaita mbele wote wawili, mtukanaji na mtukanwa, kisha humwambia wa kwanza aseme tena, safari hii kwa namna ambayo angeweza kumwambia shangazi yake. Wengine huchukua dakika kumi kutafuta maneno, na darasa zima hungoja. Hata mkuu wa shule hakupona. Siku alipotuita kundi la wavivu kikaoni, Mama aliinua mkono taratibu na kumwomba aseme tena. Mkuu alikohoa, akavua miwani, akasema kwamba mitihani ya kidato cha pili bado haijasahihishwa na yeye ana wasiwasi. Ilisahihishwa wiki hiyohiyo, yangu ikiwa ya mwisho.

Nusu ya pili ya kipindi ni ya madaftari. Kila mwanafunzi huandika ukurasa mmoja kuhusu jambo lililompata wiki hiyo na jinsi alivyolipokea moyoni. Mama husoma, akauliza swali moja chini kwa penseli, basi. Hatoi alama. Mkaguzi mmoja aliyedai kuona alama alipewa daftari, akaombwa akae aandike pamoja na wanafunzi. Alijaza kurasa nne, akaondoka nalo, na ripoti yake hatujaiona hadi leo.

Sheria ni moja tu. Ukurasa uliokunjwa katikati hausomwi. Mama hutia tiki juu ya mkunjo kuonyesha kazi imefanyika, akarudisha. Nilipomuuliza atajuaje kama mtoto hakuchora mpira tu mle ndani, alijibu kwamba hatajua. Jibu hilo lilinisumbua kwa miaka.

Kuanzia muhula ujao kipindi hicho ni changu, kwa sababu ratiba ilionyesha ni mimi pekee mwenye nafasi Ijumaa. Mwezi wa kumi Mama alinipa madaftari nijizoeze. Kwa akili yangu ya hisabati, kazi isiyoangaliwa si kazi, nikafungua ukurasa mmoja uliokunjwa. Nilitegemea kukuta mchoro wa mpira, nikakuta habari zangu.

Yaliyoandikwa si yangu kuyasimulia. Ninaloweza kusimulia ni langu: kwa miaka mingi nimewaita wanafunzi "zuzu" wakikosea hesabu, kwa mapenzi kabisa, nikiamini ni utani kwa kuwa darasa zima hucheka. Siku ile nilijua kuna aliyecheka na wenzake huku anaumia. Niliona aibu kubwa, na hapohapo nikakwama. Nikiomba radhi, nitakuwa nimekiri kwamba nilifungua ukurasa, na nani ataandika tena la moyoni? Kazi ya miaka thelathini na mmoja ingefia mikononi mwangu kabla hata sijakabidhiwa. Nikinyamaza, nitamtazama mtoto yule usoni kila siku nikijua. Nikabuni njia ya katikati: niombe radhi kwa lile "zuzu", kana kwamba limenijia tu kichwani.

Nilimpelekea Mama mpango huo. Aliacha kuchonga penseli.

"Una makosa mawili, mdogo wangu," alisema, "na unataka kuomba radhi kwa moja."

Akanipa karatasi. Nimesahihisha kazi za watu maisha yangu yote, na siku hiyo yangu ilirudishwa mara mbili. Ya kwanza ilikuwa na "iwapo kuna aliyekwazika", akaipiga mstari na kuandika: sema tena. Katika ya pili nilijitetea mno. Ya tatu ilikuwa mistari minne, na hakuigusa. Niliisoma mbele ya darasa: nimefungua ukurasa uliokunjwa, na sitasema ni wa nani. Nimewaita kwa neno la dharau. Yote mawili nimekosa. Naomba mnisamehe. Mama alikuwa amekaa dawati la nyuma na hakunisaidia.

Wiki iliyofuata nilikwenda kukusanya kazi nikiwa tayari kukuta meza tupu. Madaftari yalikuwepo yote arobaini na mawili, na katika kila moja, ukurasa wa wiki umekunjwa. Nimelipigia hesabu jambo hilo kila upande bila kupata jibu. Wananiadhibu? Wananijaribu? Au ndiyo wameniamini? Nilimuuliza Mama, naye akaniuliza kama wameandika. Nikamwambia ndiyo, wino unaonekana kwa nyuma. Alicheka hadi akafuta macho, akaenda zake darasani, akaniacha vilevile.

Dada, kwa niaba ya walimu, wafanyakazi na wanafunzi wote, asante kwa kutungojea miaka yote hii tulipokuwa tunatafuta maneno. Tunakuombea afya, asubuhi zisizo na kengele, na wageni wanaobisha hodi kwa adabu. Somo lako bado sijalielewa. Madaftari yote arobaini na mawili nimeyarudisha bila kufungua ukurasa hata mmoja. Sasa nenda kapumzike.