Amiba Ambayo Sikuwahi Kuwa Nayo

Bwana asifiwe, ndugu zangu! Itikieni kwa nguvu, maana nimesimama hapa nikiwa na hasira, na mtu akikasirika peke yake kanisani anaonekana hana adabu.

Mnanijua. Mimi ndiye yule wa mtaa wa Muthangari anayeandika makala kuhusu mambo asiyoyaelewa. Kwa miaka mingi nilikuwa na amiba. Nani Nairobi hana amiba? Ukishikwa na tumbo katika mji huu hupimwi, unahukumiwa: ni amiba, na kama si amiba, ni taifodi. Nina digrii mbili, ndugu zangu, na sikuwahi kuuliza ni amiba gani hii inayokataa kufa!

Karibu na ofisi yetu, katikati ya jiji, kulikuwa na duka la dawa. Muuzaji akiniona navuka barabara nimekunja uso, tayari anafungua droo.

"Mzee, ni ile ya kawaida?"

"Ile ile. Na uniwekee ya maumivu ya mgongo."

"Dozi nzima ama nusu?"

"Nusu. Hiyo nusu ingine iko nyumbani."

Hakuna aliyenipima! Hakuna aliyeniandikia dawa! Nilizimeza antibiotiki hizo kwa chai, kisha nikatoka nje kuvuta sigara ili tumbo litulie. Jioni soseji na chipsi, na wiki haijaisha niko dukani tena.

Ndipo ikaja damu chooni. Nilikonda hadi mkanda ukakosa tundu, nanyi mkanisifu kwamba nafunga na kuomba! Wengine mkanong'ona kwamba nimerogwa. Siku moja nilianguka kwenye choo cha ofisi, na mke wangu Mueni akanipeleka hospitali akinigombeza njia nzima.

Daktari alikuwa binti wa Kisingasinga, mdogo kuliko viatu vyangu. Aliingiza kamera kwenye utumbo wangu, akakuta vidonda.

"Uncle, hii si amiba. Inaitwa Crohn. Kinga ya mwili wako inashambulia utumbo wako mwenyewe."

"Nimeitoa wapi?"

"Hakuna mtu atakuambia ni kitu kimoja. Kuna ya kurithi, halafu kuna maisha. Sigara, hiyo haina mchezo. Antibiotiki za kila mara zinaua bakteria wazuri wa tumbo. Dawa za maumivu, vyakula vya viwandani. Hizi zote zinaongeza hatari, na wewe umezifanya zote!"

"Nilitaka kuwa na uhakika," nikamwambia. Hakucheka.

Walikata kipande cha utumbo, wakaniokolea uliobaki. Mungu alinitoa kwenye ile meza nikiwa hai, na sitachoka kumshukuru! Nimeacha sigara. Natumia dawa nilizoandikiwa. Naingia mkutanoni bila kutafuta kwanza choo kiko wapi. Ningeweza kuishia hapo, tukaimba.

Lakini Jumapili iliyopita binti yangu Ndanu alishikwa na tumbo papa hapa, katikati ya ibada. Mama Kioko, tunayempenda sote, akafungua mkoba.

"Kunywa hii, mami. Ni amiba tu. Hata baba yako ilikuwa inamsaidia."

Ilikuwa inanisaidia? Mama, ilinisaidia kufika kwenye meza ya upasuaji! Mueni alikinyakua kidonge mtoto akiwa amekwisha kufungua mdomo. Na si mara ya kwanza Ndanu kushikwa na tumbo. Ana damu yangu. Jumanne anapimwa na yule yule daktari, nami sijui tutaambiwa nini. Ndugu zangu, hiyo ndiyo hasira yangu, na chini yake kuna woga. Tuombeeni.

Najua desturi yetu. Ushuhuda ukiisha mnanifuata nje kwenye maegesho kuuliza jina la dawa. Leo silitaji! Ni dawa yangu, ya ugonjwa wangu, niliyopewa baada ya kupimwa.

Kikapu hiki hapa mbele si cha sadaka. Fungueni mikoba, fungueni mifuko ya makoti. Kila nusu dozi mnayowawekea jirani na wajukuu ije hapa, na Mueni atazipeleka hospitali zikateketezwe. Mwaminini Mungu aliyeumba tumbo, na kwa imani hiyo hiyo mkapimwe kabla ya kumeza chochote.

Mama Kioko, nakupenda kama mama yangu mzazi. Anza wewe.