Faini Imeshalipwa

[Gizani, jikoni, kifuniko cha birika kinatetemeka: ta-ta-ta-ta-ta.]

VERNA: Haloo? Ni nani huyo, hata jogoo hajakohoa?

RAYLENE: Ni mimi, mama. Raylene.

VERNA: Raylene yupi?

RAYLENE: Mama bwana! Kwani una wakwe wangapi?

VERNA: Nilikuwa naye mmoja. Siku hizi nasikia mngurumo wa injini tu.

RAYLENE: [anacheka kidogo] Haya, umenipata. Umeamkaje? Junie wangu hajambo?

VERNA: Amelala. Watoto hulala usiku, Raylene. Wale wenye vitanda.

RAYLENE: Na mimi nina kitanda, mama. Kipo hapa nyuma ya usukani, kina shuka na mto. Sikiliza, nina haraka kidogo, mtandao wa huku Nebraska unakatika—

VERNA: Huna siku usiyokuwa na haraka.

RAYLENE: —nataka unisomee ile barua ya mahakama. Ile iliyokuja hapo kwako wiki mbili zilizopita, nikakuomba uniwekee juu ya friji. Nisomee namba ya kesi na namba ya chumba. Nasikilizwa saa tatu. Nimeshaegesha lori nyuma ya mahakama, nimelala hapa hapa.

VERNA: Umesafiri mpaka mahakamani kwa ajili ya karatasi ya trafiki?

RAYLENE: Ndiyo, mama.

VERNA: Umeomba ruhusa kazini?

RAYLENE: Siku nzima. Bila malipo.

VERNA: Makubwa! Clifford wangu ameendesha malori miaka thelathini na moja. Wamempiga tochi ya mwendo Kansas, wamempiga tochi Iowa, wamempiga hata akiwa ameegesha anakula. Hakuna siku moja aliyokwenda kugombana na jaji. Analamba bahasha, anabandika stempu, yamekwisha. Mkono usioweza kuukata, ubusu.

RAYLENE: Nilishaubusu mara moja, mama. Ukanizaba kofi.

VERNA: Lini?

RAYLENE: Mwaka juzi. Walisema nimehama njia vibaya. Sikuwa nimehama vibaya, yule wa gari dogo ndiye aliyejichomeka mbele yangu. Baba akaniambia pale pale mezani kwako, nawe ukimmiminia kahawa, "Wee lipa tu, binti, usipoteze siku ya kazi." Nikalipa. Hakuna aliyeniambia kwamba kulipa ni kukiri. Kwetu sisi wenye leseni ya malori, ukilipa umesema, "Ndiyo, nimekosa," na inakaa kwenye rekodi yako miaka mitatu inakukodolea macho.

VERNA: Kwa hiyo kosa ni la Clifford sasa.

RAYLENE: Sijasema hivyo.

VERNA: Umesema pale pale mezani kwangu, nami namimina kahawa. Mpaka kahawa imeingia kwenye mashtaka.

RAYLENE: Mama, tafadhali. Barua.

VERNA: Na hii ya sasa nayo ulionewa, si ndiyo? Madereva wote wameonewa. Sijaona dereva aliyekosa duniani.

RAYLENE: Hii nina ushahidi. Yule askari kaandika maili themanini na mbili kwenye barabara ya sitini na tano. Mama, hili lori limefungwa kidhibiti mwendo. Halipiti sitini na nane hata ulikanyage mpaka sakafu ipasuke. Nina barua ya gereji ya kampuni, ina mhuri. Nina kamera ya kwenye kioo, inaonyesha pikapu nyekundu inanipita kama risasi. Tochi ilimpiga yule, nikasimamishwa mimi.

VERNA: Labda ulikuwa unateremka mlima.

RAYLENE: Mlima? Nebraska? Huku hakuna hata kichuguu cha kumkwaza kuku!

VERNA: [anafungua friji, anaifunga]

RAYLENE: Mama? Haloo? Unanisikia?

VERNA: Nakusikia.

RAYLENE: Hii nashinda, mama. Mara ya kwanza maishani nashinda kitu. Ile kampuni ya maziwa ya Lincoln wanaangalia rekodi yangu kesho. Ikiwa na kosa moja tu la zamani, wananichukua. Natoka saa kumi usiku, saa tisa mchana niko nyumbani. Kila siku! Nyumba nimeshapata, vyumba viwili, shule iko ng'ambo ya barabara. Mwalimu kaniambia Junie ataanza Jumatatu. Nimemnunulia hata kikopo cha chakula, kina picha ya bata. Kwa hiyo nisomee hiyo barua basi, namba ya kesi—

VERNA: Hakuna kesi.

RAYLENE: —na chumba. Nini?

VERNA: Nimesema hakuna kesi. Faini imeshalipwa.

RAYLENE: Imelipwa na nani?

VERNA: Na mimi. Juma lililopita. Ungesema asante kwanza.

RAYLENE: [mtandao unakwaruza] ...sijakusikia vizuri, mama. Rudia.

VERNA: Nimekulipia! Niliwapigia simu, nikawasomea kadi yangu ya benki, kwisha. Sitaki unirudishie hata senti. Barua inakaa juu ya friji inanitazama kila nikichukua maziwa, nikasema huyu mtoto yuko barabarani, hana mume, hana akili ya makaratasi, ngoja nimsaidie.

RAYLENE: Nilikwambia usiifungue.

VERNA: Nyumba yangu, sanduku la barua langu.

RAYLENE: Mama... Mama Verna. Umenikiria kosa.

VERNA: Nimekulipia.

RAYLENE: Ni kitu kile kile! Ndiyo nimemaliza kukueleza sasa hivi! Ukilipa umekiri. Hili limekuwa la pili ndani ya miaka mitatu, na yote mawili ni ya yale makubwa. Wananivua leseni. Wananiweka pembeni. Hao wa maziwa kesho wakifungua rekodi yangu hawatamaliza hata ukurasa, na kampuni hii niliyo nayo haiwezi kunishikia lori likae bure—

VERNA: Usipige kelele, utamwamsha mtoto.

RAYLENE: Hukujua. Niambie hukujua.

VERNA: Mimi ni mwanamke wa nyumbani, nijue nini? Na usilie kama umefiwa. Siku sitini si kifo. Clifford alilala miezi minne kwa mgongo na hatukufa.

RAYLENE: [anafungua mlango wa lori, upepo unavuma kwenye simu]

VERNA: Haloo? Umekatika?

RAYLENE: Nani kakuambia ni sitini?

VERNA: Si wewe?

RAYLENE: Mimi nimesema wananiweka pembeni. Sikutaja siku.

VERNA: Basi nimesikia mahali.

RAYLENE: Mahali gani, mama? Kanisani? Kwa msusi wako?

VERNA: Raylene—

RAYLENE: Baba naye hajui. Mimi mwenyewe sikujua, mpaka nilipomlipa wakili nusu saa ili anieleze. Kwa hiyo nani kakuambia?

VERNA: [mtandao unakwaruza, kijiko kinazunguka kikombeni] Yule karani. Kijana mwenye adabu. Alinisomea kwenye simu. Akasema, "Bibi, una hakika? Huyu ana leseni ya malori makubwa, na hili litakuwa la pili. Atakaa siku sitini bila kuendesha. Ana tarehe ya kusikilizwa, mwache aje." Aliniuliza mara mbili.

RAYLENE: Ukasema nini?

VERNA: Nikamsomea zile namba tatu za nyuma ya kadi.

RAYLENE: Ee Mungu wangu.

VERNA: Usimwite, ameamka mapema kuliko wewe na amechoka nawe.

RAYLENE: Nimekukosea nini, mama?

VERNA: Unaniuliza? Kweli kabisa unaniuliza? Mwanangu Dale alikata roho saa nane mchana katika chumba kile pale, nimemshika mkono mimi. Mkewe yuko wapi? Mkewe yuko Wyoming na shehena ya vitunguu. Vitunguu, Raylene! Tumemzika Jumanne, Ijumaa umeshapanda lori.

RAYLENE: Nilikuwa naendesha ili bima isikatike! Dawa zake zote, ile mashine ya kupumulia, vilitoka wapi? Unajua. Dale alijua. Yeye ndiye aliyeniambia, "Nenda, Ray, ukikaa hapa wataing'oa hiyo mashine."

VERNA: Maiti haibishi. Sema utakalo.

RAYLENE: Hilo lilikuwa la kuniumiza tu. Si la kweli, la kuniumiza tu.

VERNA: Limeuma?

RAYLENE: Ndiyo.

VERNA: Vizuri. Sasa tuko wawili.

RAYLENE: [anavuta pumzi] Sawa. Sawa, mama. Mimi saa tatu naingia humo ndani hivyo hivyo. Namba ya kesi wataniambia wenyewe. Nitamwomba jaji aifungue upya. Wakili alisema wapo majaji wanaokubali, ukiwahi, ukiwa na sababu. Sikutia saini popote. Sikukiri mimi.

VERNA: Utamwambia nani alikiri?

RAYLENE: Nitamwambia ukweli.

VERNA: Kwamba mama mkwe wako, mzee wa miaka sitini na tisa aliyefiwa na mwanawe, alikulipia faini kwa huruma? Jaji atalia machozi. Atauliza una moyo gani wa kumshtaki bibi wa watu. Na karani akiulizwa, mimi nasikia vibaya. Nilidhani ni bili ya maji.

RAYLENE: Ungeapa hivyo? Mkono juu?

VERNA: Ningeapa hata miwili.

RAYLENE: [kicheko kikavu] Na wale akina mama wa kanisani wanakuletea keki.

VERNA: Wananiletea, ndiyo. Kwa sababu wananiona nipo. Wanamwona mtoto kachanwa nywele, kavaa soksi zinazofanana. Wewe unamwona mara mbili kwa mwezi na begi la nguo chafu.

RAYLENE: Ndiyo maana nimetafuta hiyo kazi ya maziwa! Ili nimwone kila siku! Sikuwa nakunyang'anya, mama. Kila Jumapili ningemleta. Nilikuwa nimeshakuandalia na ufunguo wako wa nyumba yetu, nimeuchongesha, ninao hapa mfukoni.

VERNA: [anaweka kijiko mezani]

RAYLENE: Mama?

VERNA: Hukuniambia habari ya ufunguo.

RAYLENE: Ilikuwa iwe zawadi.

VERNA: Basi. Imeshakuwa.

RAYLENE: Wapigie. Wakifungua tu ofisi, saa mbili. Waambie ulikosea, ulilipa bila ruhusa yangu. Neno moja tu kutoka kwako, mama, mimi nitafanya mengine yote. Sitakulaumu. Naapa hatutalizungumza tena milele. Nitasema kwa watu wote ni wewe uliyeniokoa.

VERNA: [anamimina chai kwenye kikombe cha pili]

RAYLENE: Mama Verna. Nakuomba. Niko peke yangu, na huyu mtoto ndiye—

VERNA: Na mimi niko na nani?

RAYLENE: Una baba. Una—

VERNA: Clifford anaongea na televisheni. Nyumba hii Dale alipoondoka ilikuwa kama mtungi, ukikohoa inakurudishia. Sasa kuna mtoto anaimba bafuni. Unataka niwapigie simu ili uje uichukue hiyo sauti Jumamosi na lori lako? Mimi si mjinga, Raylene.

RAYLENE: Mimi ni mama yake.

VERNA: Ndiyo. Na huna kazi. Huna leseni. Na ile nyumba ya vyumba viwili, mwenye nyumba akisikia— [mtandao unakatika] —siku sitini utakaa wapi? Njoo ukae hapa. Chumba cha Dale kipo. Utanisaidia kuosha vyombo. Nani amekufukuza?

RAYLENE: Hivyo ndivyo ulivyopanga. Nije kwako mikono mitupu.

VERNA: Sijapanga. Nimelipa faini ya watu, basi. Wenzako wote hulipa. Haya, kumekucha, nina nguo za kukunja. Kwaheri.

RAYLENE: Usikate! Usithubutu kukata! Niitie Junie.

VERNA: Nimeshakwambia amelala.

RAYLENE: Nasikia miguu yake sakafuni, mama. Namjua anavyotembea. Mpe simu.

VERNA: Dakika moja. Na usimlilie sikioni, anaweweseka usiku kucha ukishamliza.

RAYLENE: Sitalia. Mpe tu.

VERNA: Junie, njoo. Shika kwa mikono miwili. Sema haraka, chai inapoa.

RAYLENE: Junie? Ni Mama, kipenzi. Umeamka? Sikiliza, Mama anaingia mahali asubuhi hii kuzungumza na mtu mkubwa, halafu akitoka—

JUNIE: Mama, jana Bibi alinipeleka kuiona shule yangu ya huku.