Bi. Kavata na Msichana wa Kwenye Postikadi

Tarehe 30 mwezi huu, Bi. Kavata Maluki anastaafu baada ya miaka thelathini na mmoja katika maktaba yetu hapa Thika. Alianza kwa kupanga magazeti, akapanda hadi kuwa msimamizi wa kumbukumbu, na kwa muda huo wote hakuna karatasi ya chumba chake iliyovuka mlango. Hata mkurugenzi aliwahi kupokonywa ramani kwa upole, akaisomea pale pale akiwa amesimama.

Miaka mitatu iliyopita tuliletewa sanduku la postikadi za zamani za bustani za miji: ng'ombe wakinywa maji bwawani, kondoo wakila nyasi kando ya viti vya kupumzikia. Nyingi zilitoka ng'ambo. Moja, yenye muhuri wa 1964, ilionyesha kondoo na msichana aliyemezwa na koti kubwa. Sisi tuliamua ni Nairobi. Bi. Kavata akaangalia mlima ulioonekana nyuma ya miti, ule wa hapa kwetu, akatuuliza, "Na Kilimambogo kilihamia Nairobi lini?"

Tangu siku hiyo, saa ya chakula cha mchana alitoka na nakala ya kadi ndani ya bahasha, akilinganisha mlima wa kwenye kadi na unavyoonekana kutoka kila uwanja wa mji. Tulimcheka, nakiri. Aliuliza sokoni, akauliza kanisani, mpaka akaelekezwa mtaa wa Ngoingwa kwa bibi mmoja mzee, Cucu Wamboi, aliyekulia karibu na bustani hiyo. Cucu aliishika nakala, akaisogeza karibu na macho.

"Koti hili ni la baba," akasema. "Na huyu ni mdogo wangu, Warigia. Surua ilimchukua mwaka uliofuata. Hatukuwahi kuwa na picha yake."

Bi. Kavata alirudi kazini macho mekundu, akaiandikia kamati ya maktaba barua: familia ipewe kadi yenyewe, maktaba ibaki na nakala. Mwenyekiti, Bw. Kagwe, akamkumbusha kanuni ya kutotoa chochote nje, ambayo Bi. Kavata mwenyewe ndiye aliyeiandika. Naye akamjibu, "Kadi ni yetu, lakini mtoto ni wao." Kamati ikakubali.

Aliipeleka mwenyewe Jumapili, baada ya ibada. Cucu aliwaita wajukuu waje wamwone nyanya yao aliyekuwa mdogo kuliko wao.

Asante, Bi. Kavata, kwa kutufundisha kuuliza. Nenda salama nyumbani Matuu, upumzike, ule maembe yako kwa raha. Ukichoka kupumzika, mlango wetu unaujua.