Kura ya Ndiyo ya Mwalimu Rebeka Kulwa Amosi

Baba paroko, wazee wetu wa Tinde, na ndugu zetu mliotoka Katoro, Geita na Dodoma, poleni na msiba. Mimi ni Doto Amosi, pacha wa marehemu, na familia imenipa kazi hii kwa kuwa nilimfahamu kabla ya mtu mwingine yeyote.

Rebeka Kulwa Amosi alizaliwa hapa Tinde tarehe 12 Aprili 1968, yeye kwanza, mimi nikafuata, na mpaka mwisho aliniita mdogo wake. Alisoma shule ya msingi hapa hapa kuanzia 1976 hadi 1982, akaendelea na sekondari mjini Shinyanga, akahitimu ualimu mwaka 1988, na Januari iliyofuata akaripoti Katoro, alikofundisha darasa la kwanza na kuongoza kwaya ya parokia. Tarehe 3 Julai 1993 alifunga ndoa na shemeji yangu Donatus, mwenye baa na ukumbi wa muziki pale Katoro, wakajaliwa mabinti wawili, Esta na Dorah.

Mwaka 2020 wananchi walimchagua kuwa mbunge wao, na wenye baa wa Katoro, marafiki wa shemeji, ndio waliomfanyia kampeni kwa nguvu kuliko wote. Miaka mitatu baadaye ukafika bungeni muswada wa kurekebisha sheria ya hakimiliki, uliotaka kila redio na kila baa inayopiga wimbo imlipe mwenye wimbo, na redio imtaje kwa jina. Wenye baa walimfuata nyumbani wakamwomba aupinge. Lakini jirani yake alikuwa Mama Mwasiti, mwimbaji wa ngoma za Kisukuma, aliyekaanga maandazi kando ya barabara huku wimbo wake ukipigwa kwenye baa iliyomtazama, na watangazaji wakiuita wimbo wa asili, kana kwamba haukutungwa na mtu.

Asubuhi ya kura, tarehe 7 Septemba 2023, dada alimpigia mumewe simu kutoka Dodoma, na shemeji ameniruhusu niseme walichoongea.

"Baba Esta, nikisema ndiyo, na wewe utalipa."

"Najua, Mama Esta. Na marafiki zangu wataacha kunisalimia."

"Sasa nifanyeje?"

"Mimi nilikuoa, sikununua kura yako."

Siku hiyo sauti za ndiyo na za hapana zilikaribiana mno, Spika akaagiza kila mbunge aitwe kwa jina. Dada alipoitwa alisimama, akasema "Ndiyo" kwa sauti ile ya kuita mahudhurio darasani, hata waliokaa mbele yake wakageuka. Muswada ulipita kwa kura mbili, yaani angesema hapana kura zingelingana, na muswada ungeweza kuanguka.

Yaliyofuata hayakuwa mepesi. Wenye baa walimsusa, shemeji akakaa peke yake kwenye meza yake mwenyewe, na mwaka 2025 dada akashindwa katika kura za maoni za chama, ubunge ukaishia hapo. Hata hivyo shemeji alikuwa wa kwanza Katoro kukata kibali cha kupiga muziki, akakitundika juu ya friji. Na siku redio ilipomtaja Mama Mwasiti kwa mara ya kwanza, mama huyo aliacha maandazi yakaungua, akaja mbio mpaka uani kwa dada akipiga kelele, "Wamenitaja, mwalimu! Wamenitaja!" wakacheza mpaka majirani wakajaa. Baadaye nilimuuliza dada kama anajutia kiti chake, akanishangaa, "Wewe Doto, hukumwona Mwasiti alivyocheza?"

Januari mwaka huu wa 2026 alianza kusumbuliwa na figo, akalazwa Mwanza, na tarehe 14 Machi alfajiri akatutoka, mumewe na wanawe wakiwa wamemshika mikono.

Tunawashukuru madaktari na wauguzi waliomhudumia, majirani, walimu wenzake, wabunge waliosimama naye na hata waliompinga, na ninyi wenye baa wa Katoro, mliokuja juzi bila kuitwa, mkavua mashati na kuchimba kaburi hili.

Dada yangu, mwalimu wetu, mheshimiwa wetu, kazi tuliyokutuma uliifanya. Pumzika, na amani ya Bwana ikae nawe.